Kwa anayeanza mbio za bagi za rimoti Mwanza: anza na udongo

Mdogo wangu uliyenunua, au unayekaribia kununua, bagi yako ya kwanza, hiki kigari cha mashindano ya udongoni kinachoendeshwa kwa rimoti, najua unachotaka kuuliza, maana kila anayekuja uwanjani huuliza hivyo hivyo: niweke mafuta namba ngapi (yaani mazito kiasi gani) kwenye shokapu, nifunge springi ipi, mota ya kasi gani. Naelewa. Gari likiwa mezani, mpya, shokapu nne zimesimama wazi na matairi yako nje ya bodi, mkono unawasha. Lakini kabla hujashika bisibisi, nenda uwanjani, piga goti, chota udongo kiganjani uufinye. Majibu ya maswali yako yote yanaanzia hapo.

Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo wao, na majina hayo yatakufaa sana. Luseni ni ule mchanga mwepesi wa sehemu za juu, karibu na mawe ya itale. Ukiufinya unachuruzika vidoleni. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni: ukilowa unanata, ukikauka unakuwa mgumu na kupasuka nyufa. Halafu kuna moramu ya barabarani, nyekundu, yenye changarawe juu. Kwenye luseni unahitaji tairi lenye meno marefu yaliyoachana, yachimbe hadi yapate kitu cha kushika. Kwenye mbuga kavu iliyosuguliwa ikawa kama sakafu, meno hayo hayo yanapinda na gari linaelea. Hapo tairi la meno mafupi yaliyobanana ndilo linashika. Nimeona mtu akibadilisha mota mara mbili kwa tatizo ambalo lilikuwa la tairi.

Na udongo wetu haukai hali moja kwa siku nzima. Saa moja asubuhi kuna unyevu kidogo na gari linakata kona vizuri. Ikifika saa tano jua limeshakausha, mchanga wa juu umesukumwa pembeni na magari, umebaki mstari mmoja safi wa kupita. Ukitoka nje ya mstari huo unateleza. Alasiri upepo wa ziwani unaingia, unarudisha vumbi juu ya mstari. Kwa hiyo gari uliloseti asubuhi likikusumbua saa tisa, usilikasirikie. Tembea uwanja mzima kwa miguu kwanza, halafu ndipo urudi mezani.

Ndiyo maana nakuomba uwe mwangalifu na karatasi za vipimo za kupakua mtandaoni. Zimeandikwa na watu wanaoijua kazi, ila zimeandikwa kwa uwanja wao. Mashindano ya kwanza ya dunia ya bagi za umeme za 1/10 (yaani ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi) chini ya IFMAR, shirikisho la dunia la mbio za magari ya rimoti, yalifanyika Del Mar, California, mwaka 1985, na tangu wakati huo viwanja vya wenzetu vimekwenda njia nyingine kabisa. Ulaya wengi wanakimbia ukumbini, juu ya zulia na nyasi bandia. Marekani kuna viwanja vya udongo wa mfinyanzi unaonyunyiziwa maji mpaka unashika tairi kama gundi. Ukivileta vipimo vya zulia huku, gari limelala chini mno, springi ngumu, kila kona linakwenda kama limekanyaga dagaa mbichi.

Kama hujanunua bado, nashauri 1/10 ya umeme inayosukumwa na magurudumu yote manne. Ya magurudumu mawili inafundisha kidole adabu, sikatai, lakini kwenye luseni inamchosha mgeni kabla hajaonja utamu. Ukiipata ya magurudumu mawili, tafuta ambayo mota yake unaweza kuiweka nyuma kabisa, uzito ukandamize tairi za nyuma. Bagi kubwa za 1/8 za injini zinavutia kwa sauti, lakini mafuta yake, ya methanoli na nitromethani, si kitu cha kununua sheli. Na ukiwa nayo tayari, kumbuka kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, injini iliyosetiwa pwani huku itakuwa inapewa mafuta mengi kuliko hewa. Funga sindano ya kabureta kidogo kidogo, robo ya robo ya mzunguko, ukisikiliza. Pamoja na gari agiza mikono miwili ya mbele ya akiba, ile inayoshika magurudumu, maana ndiyo inayovunjika. Beringi zisikutishe: nyingi za 1/10 ni milimita 5 kwa 10 kwa 4, nenda na ya zamani mkononi kwenye duka la beringi ulinganishe.

Sasa tuseti. Weka betri ndani, liinue gari sentimita 20 juu ya meza, liachie lidondoke, litulie lenyewe. Pima nafasi kati ya meza na tumbo la gari. Mimi nilikata kipande cha mbao chenye unene wa milimita 26 na ndicho kipimo changu; kwa viwanja vyetu anzia hapo hapo, kati ya 25 na 27. Kemba iwe digrii moja hadi mbili, yaani tairi limeinamia ndani kidogo kwa juu. Magurudumu ya nyuma mengi yanatoka kiwandani yakiwa yameelekezwa ndani digrii 3, yaache. Ya mbele yawe sawa, au yafunguke nje digrii moja. Baada ya hapo kimbia, usiguse kitu.

Shokapu ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu.

Ifungue shokapu, imwage mafuta ya zamani, ipanguse mpaka kitambaa kitoke kikavu. Isimamishe wima, fimbo ikiwa imevutwa chini kabisa. Jaza mafuta mapya mpaka karibu na ukingo. Kisha pandisha fimbo polepole, shusha polepole. Utaona vipovu vinatoka kwenye matundu ya pistoni na kupanda juu. Usiharakishe. Ukisukuma kwa nguvu unatengeneza vipovu vingine. Ifanye mara kumi, iache dakika kumi imesimama, rudia, mpaka pasitoke kipovu hata kimoja. Hewa iliyobaki ndani ikikutana na mafuta inakuwa povu, na povu halizuii kitu. Gari likitua kutoka kwenye tuta linadunda kama mpira. Ukishafunga vifuniko, chukua shokapu mbili za mbele, zishike bila springi, fimbo zikitazamana na meza, uzikandamize pamoja. Zinapaswa kuingia pamoja na kupanda pamoja. Moja ikitangulia, fungua tena. Nusu saa unayotumia hapo inakupa gari linalokwenda moja kwa moja baada ya kutua.

Mafuta yawe ya silikoni, basi. Mwaka wangu wa kwanza niliishiwa, nikaweka mafuta ya shokapu ya pikipiki nikijua shokapu ni shokapu. Oringi zangu, vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje, zilikuwa za silikoni, na mpira huo haupatani na mafuta yatokanayo na petroli. Siku chache baadaye zilikuwa zimeumuka, fimbo inakwama katikati, na kwenye tuta la kwanza gari likapinduka likavunja mkono wa mbele. Nilikaa wiki sita nikisubiri kipuri. Kuhusu namba: mafuta mepesi yanaacha gurudumu lifuate kila shimo, mazito yanakinga gari lisigonge tumbo linapotua. Joto linayalainisha mafuta, kwa hiyo pale karatasi ya ugenini inaposema 35, mimi huanza na 40, hasa mbele.

Halafu jambo ninaloliamini kuliko yote: badilisha kitu kimoja tu, kimbia, andika. Kuna Jumapili nilibadilisha springi za nyuma, tairi na kemba kwa pamoja, gari likawa zuri kupita kiasi, mzunguko ukapungua karibu sekunde mbili. Nikafurahi. Wiki iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha, gari likawa baya, na sikujua nirudishe kipi kati ya vile vitatu. Nilipoteza mwezi mzima nikitafuta tena kile nilichokuwa nacho mkononi. Tangu hapo nina daftari la shule la kurasa 96. Kila safari naandika saa, udongo ulivyo, upepo, tairi, kitu nilichobadilisha, na gari lilisema nini: linasukuma mbele na kukataa kona, au linatupa mkia. Linaposukuma mbele, gusa mbele kwanza: springi laini zaidi, au shusha pua milimita moja. Linapotupa mkia, gusa nyuma vivyo hivyo. Na kabla ya yote, jiulize kama uliingia kona kwa kasi mno, maana mara nyingi jibu ni hilo, na halina springi yake.

Gia: kata utepe wa karatasi ya daftari, upitishe kati ya gia ndogo ya mota na ile kubwa, kaza nati za mota, zungusha utepe utoke. Ukitoka umekunjwa kama feni bila kuchanika, nafasi ni sawa. Piga brashi kavu kila baada ya mbio, mchanga wa itale unakula gia. Usipake grisi gia za nje, grisi inaushika mchanga. Na ukimaliza kukimbia, gusa mota. Kama huwezi kuacha kidole hapo sekunde tatu, gia ndogo ni kubwa mno kwa uwanja huo.

Betri za lipo, yaani za lithiamu polima, sina mchezo nazo. Chumba kimoja ni volti 3.7, kikijaa 4.2, na kisishuke chini ya 3.2. Betri ya vyumba viwili ya miliampia 5,000 ichaji kwa ampia 5, na kila mara kwa waya mdogo wa kusawazisha vyumba. Hakikisha chaja imeandikwa lipo, si aina nyingine, kabla hujabonyeza. Kama huna mfuko wake wa kuzuia moto, tumia chungu cha udongo chenye mchanga chini, nje ya nyumba, na usiende dukani ukaiacha peke yake. Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata kama mbio ni kesho. Betri iliyotoka moto iache ipoe kwanza. Ukirudi nyumbani usiiache imejaa wiki nzima. Irudishe kwenye volti 3.8 kwa kila chumba ndipo uihifadhi, mahali pasipo jua.

Kuendesha ni hesabu. Tuseme uwanja wetu unazungukwa kwa sekunde 30. Mbio ya dakika 5 ni mizunguko 10. Ukipinduka mara tatu, na kila mara uchukue sekunde 10 hadi uinuliwe, umeshapoteza mzunguko mzima. Anayekuzidi si lazima awe na mota kubwa. Kwa mwezi wa kwanza punguza nguvu kwenye rimoti, fikisha dakika 5 bila kupinduka, ndipo uongeze. Hewani gari bado linakusikia: ukibonyeza mafuta, yaani ukiongeza kasi kwenye rimoti, pua inapanda, ukigusa breki pua inashuka. Lijaribu kwenye tuta dogo mara hamsini, hadi kidole kifanye chenyewe.

Kuhusu mahali pa kukimbilia, ufukwe una wenyewe. Palipoanikwa dagaa pana riziki ya mtu, vumbi lako likitua pale umemharibia kazi ya usiku mzima. Ongea na mwenyekiti wa mtaa, mwombe kiwanja, mweleze ni nini. Akina mama wanaoanika huko chini wametuelekeza wao wenyewe sehemu isiyo na matumizi, kwa sababu tuliwaamkia na kuuliza. Na gari likiingia ziwani, tafadhali usilifuate kwa miguu mitupu. Kichocho kipo kwenye maji ya pembezoni, hasa palipo na majani, na gari la laki kadhaa halistahili hilo. Tuna mti mrefu wenye ndoano ya waya kwa kazi hiyo. Likitoka, chomoa betri mara moja, mwaga maji, lipeleke kivulini likauke siku mbili kabla hujaliwasha.

Jumapili tunaanza saa mbili asubuhi. Kila aliyemaliza mbio yake anasimama kwenye kona mbio inayofuata, kuinua magari ya wenzake: unaangalia kwanza kama kuna gari linakuja, unaingia, unaligeuza, unatoka, bila kulitazama gari lako mwenyewe wala simu. Mgeni huanzia hapo hata kabla hajakimbia, kwa sababu ukiwa kwenye kona unaona wazi nani anafunga mafuta mapema na tairi gani linashika. Njoo na viatu vya kufunika vidole, kofia, maji, na daftari.