Kosa la Mara Mbili: Kupima Kiimbo cha Usemi na Kukagua Chuma na Zege kwa Roboti

Mtu anayechora kiimbo cha sentensi kwenye kompyuta na mtu anayepeleka roboti itambae ukutani mwa tangi kupima unene wa bati wanatafuta kitu kimoja: muda unaopita kabla wimbi halijajirudia. Kwa wa kwanza, ni muda kati ya pigo moja la nyuzi za sauti na pigo linalofuata. Ukigawa sekunde moja kwa muda huo unapata frikwensi ya msingi, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde (Hz), ile ambayo sikio huisikia kama kidatu: ujuu au uchini wa sauti. Kwa wa pili, ni muda wa mwangwi kwenda na kurudi ndani ya chuma. Ndiyo maana hata makosa yao ni ya ukoo mmoja, na lililo baya kuliko yote ni kusoma mara mbili au nusu ya kile kilichopo. Tutakaa zaidi upande wa usemi, kwa sababu huko kosa hili hupita kimyakimya. Bati likitoboka kila mtu ataona; kiimbo kilichochorwa vibaya huingia kwenye tasnifu na kufungwa jalada.

Kosa linatoka wapi

Wimbi linalojirudia kila milisekunde 10 linajirudia pia kila milisekunde 20. Programu inayolinganisha wimbi na nakala yake iliyosogezwa itakuta mfanano mkubwa kwenye 10, na mfanano karibu sawa na huo kwenye 20. Ikichagua 20, mzungumzaji wa Hz 100 anaandikwa Hz 50. Hili hutokea sana mwishoni mwa sentensi, sauti inapokwaruza: mapigo ya nyuzi za sauti yanakuwa moja kubwa, moja dogo, na jozi nzima ndiyo inayojirudia vizuri kuliko pigo mojamoja.

Kinyume chake hutokea kwenye irabu *i* na *u*. Formanti ya kwanza ya irabu hizi, yaani frikwensi ya chini kabisa ambayo koo na kinywa huipa nguvu, iko karibu na Hz 300. Mwanamke anayezungumza kwa Hz 150, hamoniki yake ya pili (mara mbili ya frikwensi ya msingi) inaangukia palepale na kupata nguvu kuliko zote. Programu inaona 300 na kuiandika kana kwamba sauti imepaa. Kwa hiyo mruko wa ghafla wa semitoni 12 (oktava moja, yaani mara mbili au nusu ya frikwensi), juu au chini, ndani ya irabu moja usiuamini mpaka uliangalie wimbi lenyewe. Vuta picha karibu mpaka ionekane milisekunde 50 tu, kisha hesabu vilele vikubwa kwa macho. Vikiwa vitano, ni Hz 100. Vikiwa kumi, ni Hz 200. Kazi hiyo haimalizi dakika.

Panga mipaka kabla ya kupima

Wengi wetu tunatumia Praat, programu ya kuchambua usemi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, kwa kuwa ni ya bure na inakubali kuandikiwa maagizo ya kuchakata mamia ya faili kwa mkupuo. Katika matoleo yake mengi, mipaka ya kutafutia kidatu inayokuja nayo ni Hz 75 kwa chini na 500 au 600 kwa juu. Mipaka hiyo ni ya kila mtu, maana yake si ya mtu yeyote. Mwanamume mwenye sauti nzito akiachiwa nafasi hadi 600, programu ina oktava nzima mbili za kupotelea.

Njia inayofaa ni kupima mara mbili. Mara ya kwanza, chakata rekodi yote ya mzungumzaji mmoja kwa mipaka mipana, tuseme Hz 60 hadi 750. Toa thamani zote za kidatu, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, na uchukue ile iliyo kwenye robo ya kwanza na ile iliyo kwenye robo ya tatu. Zidisha ya kwanza kwa 0.75 upate mpaka wa chini. Zidisha ya tatu kwa 1.5 upate mpaka wa juu. Robo zikiwa 180 na 240, mipaka mipya ni Hz 135 na 360. Kisha chakata upya. Kama usemi umechangamka, mathalani masimulizi au ugomvi, zidisha robo ya tatu kwa 2.5 badala ya 1.5, la sivyo utakata vilele vya kweli. Fanya hivi kwa kila mzungumzaji peke yake. Mazoea ya kuweka "mipaka ya wanaume" na "mipaka ya wanawake" yanatosha kwa kuchungulia, hayatoshi kwa namba unayotaka kuitetea.

Mpaka wa chini una kazi ya pili ambayo watu huisahau: ndio unaoamua urefu wa dirisha la uchambuzi. Programu inahitaji mizunguko mitatu ya wimbi, hivyo mpaka wa Hz 75 unaleta dirisha la milisekunde 40, na mpaka wa 135 unaleta takriban 22. Ukishusha mpaka mno ili kuokoa mikwaruzo ya mwisho wa sentensi, unafuta miondoko ya haraka katikati yake. Sisi tunaona ni heri kuiacha mikwaruzo: iwekee alama kwenye safu yake ya maelezo, itoe kwenye hesabu za kidatu, na useme imetokea silabi gani. Mkwaruzo wenyewe ni taarifa kuhusu kiimbo.

Na usilainishe mchoro kabla ya kuondoa miruko ya oktava. Ukilainisha kwanza, mruko unageuka kilima kizuri cha mviringo, na hapo hakuna jicho litakaloushuku tena. Tunza pia faili ya kidatu isiyoguswa, na marekebisho ya mkono yaingie kwenye nakala.

Rekodi yenyewe

Hakuna mpangilio wa programu utakaookoa rekodi mbovu. Rekodi kwa WAV, Hz 44,100, biti 16 au 24. Maikrofoni ya mezani ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya *p* isiipige moja kwa moja. Ya kuvaa kichwani ikae sentimita 3 hadi 5, kwenye kona ya mdomo. Vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -6. Vikigusa 0, kikomo cha kinasa sauti, wimbi linakatwa vichwa, na hamoniki za uongo zinazaliwa. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe: upandishaji wa sauti, uchujaji wa kelele, uboreshaji wa mazungumzo. Simu nyingi huwasha vitu hivi bila kukuuliza, na maikrofoni nyingi zisizo na waya huibana sauti njiani.

Kabla mzungumzaji hajaanza, rekodi sekunde 10 za ukimya wa chumba, kisha zichakate kama usemi. Ukiona mstari ulionyooka kwenye Hz 100 pale ambapo hakuna anayezungumza, huo ni mvumo wa umeme: umeme wa Hz 50 huvuma pia kwenye 100, na wa Hz 60 huvuma kwenye 120. Frikwensi zote mbili ziko katikati ya sauti ya kawaida ya kiume. Chomoa chaja ya kompyuta, tumia betri, sogeza waya mbali na taa, upime tena.

Rekodi za simu za zamani hukata kila kitu kilicho chini ya Hz 300. Wengine huzitupa wakidhani kidatu kimepotea. Hakijapotea: hamoniki zilizobaki bado zimepishana kwa umbali ule ule, na wimbi linajirudia kwa muda ule ule. Zitumie kwa kiimbo, ila ukali wa sauti na ubora wake usiupime humo.

Sentensi za kusomesha

Hapa ndipo utafiti mwingi wa kiimbo huharibika, kabla hata ya maikrofoni kuwashwa. Konsonanti sighuna, zisizotikisa nyuzi za sauti, kama *p, t, k, s* hukata mchoro na kupandisha mwanzo wa irabu inayofuata. Vipasuo ghuna kama *b, d, g* katika lugha nyingi huushusha. Irabu za juu, *i* na *u*, zenyewe hukaa juu kidogo kuliko *a*. Ukilinganisha "Kaka kapika" na "Dada ameleta," tofauti utakayoiona ni mchanganyiko wa kiimbo na konsonanti, na hutaweza kuvitenganisha.

Tunga sentensi za nazali (kama *m* na *n*), *l, w, y* na irabu tu. Kiswahili kinatupa nyingi. "Mwalimu analima" haina hata konsonanti moja ya kukata mchoro, na inafaa kwa jaribio la msingi kabisa, kwa kuwa Kiswahili huweza kutofautisha taarifa na swali la ndiyo au hapana kwa kiimbo peke yake: "Mwalimu analima." na "Mwalimu analima?" zina maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Mkazo uko palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa kuwa Kiswahili si lugha ya toni, ambamo kidatu hubadili maana ya neno, kama zilivyo nyingi za Kibantu, kinachobaki kupimwa ni kiimbo chenyewe.

Usimpe mzungumzaji karatasi yenye sentensi zote. Ataisoma kama orodha: kila sentensi itapanda mwishoni isipokuwa ya mwisho, nawe utaandika ugunduzi kuhusu viimbo vya orodha bila kujua. Onyesha sentensi moja moja kwenye skrini, zimechanganywa na nyingine zisizohusika, na kila moja itanguliwe na hali fupi inayoilazimisha: mtu kauliza, au mtu kashangaa. Rudia mara tano au zaidi kwa mpangilio tofauti. Jaribio la kwanza la kila mtu litupe.

Ukishapata namba, zigeuze kuwa semitoni kwa kulinganisha na kidatu cha kati cha mzungumzaji mwenyewe: 12 mara logi ya kizio cha 2 ya uwiano wa vidatu hivyo viwili. Kupanda kutoka 100 hadi 150 na kupanda kutoka 200 hadi 300 ni semitoni 7 kote kuwili, na sikio linasikia mwinuko ule ule; kwa Hz ungedhani wa pili ni mkubwa maradufu. Pima pointi tano au kumi zilizogawa kila irabu sawasawa, na mahali kilele kilipo kutoka mwanzo wa silabi. Wakati mwingine lugha mbili zina kilele cha urefu mmoja, na tofauti yote ni kwamba kimoja kinachelewa kuvuka silabi.

Roboti inaposikiliza

Kihisi cha mawimbi ya sauti ya frikwensi ya juu mno kusikika, kinachobebwa na roboti, hutuma pigo ndani ya chuma na kusubiri mwangwi. Sauti ndani ya chuma husafiri takriban mita 5,900 kwa sekunde, hivyo bati la milimita 10 hurudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 3.4. Bati likiwa jembamba kuliko kikomo cha kihisi, mwangwi wa kwanza unamezwa na pigo lenyewe na kihisi kinashika wa pili. Kihisi chenye kikomo cha milimita 1.2 kikikutana na bati lililoliwa na kutu hadi 0.9, kinaweza kuandika 1.8. Ni kosa lile lile la oktava, isipokuwa hapa linaficha mahali palipo hatari kuliko pote. Dawa ni kama ya kidatu: usihifadhi namba tupu, hifadhi wimbi, na kila mruko wa karibu mara mbili kati ya pointi mbili jirani uangaliwe na mtu.

Rangi nayo hudanganya. Sauti hutembea polepole zaidi ndani ya rangi, kwa hiyo tabaka la milimita 0.2 linaweza kuongeza karibu nusu milimita ya chuma kisichokuwepo. Pima kati ya mwangwi na mwangwi, usipime kutoka pigo la kwanza. Rekebisha kihisi kwenye kipande chenye ngazi cha chuma cha aina ile ile, na kikiwa na joto karibu na la tangi, kwani mwendo wa sauti hupungua kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 55 za Selsiasi. Jeli inayounganisha kihisi na chuma ikikauka mwangwi unafifia; roboti iendelee kutiririsha maji au jeli.

Kwa zege, roboti hugonga kwa tufe dogo la chuma na kusikiliza. Frikwensi ya unene, yaani ile ambayo zege hulia kutokana na unene wake, ni 0.96 mara mwendo wa sauti, gawa kwa mara mbili ya unene: kwa zege ambamo sauti husafiri mita 4,000 kwa sekunde na lenye unene wa sentimita 20, ni Hz 9,600. Tufe nalo lina mpaka wa frikwensi ya juu linayoweza kuamsha, takriban 291 gawa kwa kipenyo chake kilichopimwa kwa mita. La milimita 20 linaishia karibu na Hz 14,500, la milimita 10 linafika 29,000. Roboti isimame kabisa kabla ya kugonga, mota zikatwe umeme na si kupunguzwa tu, na usubiri nusu sekunde mtikisiko utulie. Rekodi pia kimya bila kugonga kila mita chache, ujue mvumo wake ukoje. Magurudumu huteleza, kwa hiyo pitisha roboti njia ile ile kwenda na kurudi. Pointi zisipolingana, ramani yako ya nyufa imesogea.

Na hapa mara mbili inaweza kuwa ukweli. Ufa uliolala sambamba na uso, katikati ya zege lile la sentimita 20, huleta Hz 19,200, oktava kamili juu ya unene. Ukigonga kwa tufe la milimita 20 hutaiona kabisa. Utaona frikwensi za chini tu na kudhani kipimo kimeshindwa. Badilisha tufe, chukua sampuli 200,000 kwa sekunde au zaidi, gonga tena palepale, kisha sogea sentimita 10 upande. Kilele cha 9,600 kikirudi huko na cha 19,200 kikitoweka, ukingo wa ufa uko kati ya pointi hizo mbili, na roboti irudi ipapime kwa hatua ya sentimita 2.