Kulinganisha bei za dawa ya mchwa
Umeuliza kwa nini kampuni tatu zimekupa bei zinazopishana mno kwa kazi ileile ya mchwa, na kama uchukue ya chini. Mimi nisingechukua yoyote kabla ya kujua kila mmoja anakusudia kufanya nini, maana huenda si kazi ileile kabisa.

Anza na dawa: kiambato chake kiandikwe kwenye kotesheni. Kiambato kiitwacho bifentrini huwafukuza mchwa, kwa hiyo penye upenyo mdogo tu ambao haukuguswa na dawa watapita. Kingine, fipronili, hawakihisi, hupita ndani yake na kuwapelekea wenzao. Hapo tofauti ya bei ina sababu.

Kisha uliza lita ngapi zitaingia ardhini. Lebo nyingi za dawa za kumwaga kwenye msingi hutaka takriban lita 5 za dawa iliyokwisha kuchanganywa kwa kila mita ya ukuta, kwa kina cha sentimita 30. Anayekuja na bomba moja la mgongoni la lita 20 kwa nyumba nzima anapulizia juu juu tu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Na penye sakafu ya zege iliyogusana na ukuta, kama baraza au gereji, lazima atoboe matundu. Asipotaja kutoboa, mwulize.

Dhamana isome neno kwa neno: nyingine ni ya kurudia dawa tu, mbao zikiliwa ni juu yako. Aliyekupa bei kwa simu bila kuja kukagua, mwondoe.