Pedali ya JFET na sauti ya Bassman: pa kupima, pa kubadilisha

Pedali nyingi za gitaa za ovadraivu (za kukwaruza sauti) zinazouzwa kwa sifa ya "sauti ya amplifaya ya zamani" ndani hazina cha amplifaya. Tube Screamer na ndugu zake, kwa mfano, ni opampu (chipu ya kukuza mawimbi) yenye daiodi za kukata mawimbi, na hupunguza besi kuanzia takriban Hz 720 kwenda chini. Ni pedali nzuri ya kuisukuma amplifaya ya valvu (taa za kioo za kukuza sauti) ambayo tayari imeanza kukwaruza. Ukiiunganisha na amplifaya safi ukitegemea ikupe Fender ya mwaka 1959, utaulaumu mfuko wako bure.

Zinazokaribia ukweli ni zile zilizochukua saketi ya amplifaya yenyewe na kuweka JFET, aina ya transista yenye miguu mitatu (dreni, sosi na geti), kila mahali palipokuwa na valvu. Saketi inayoigwa sana ni ya amplifaya ya Kimarekani, Fender Bassman 5F6-A. Jim Marshall na mafundi wake wa London waliifuata karibu yote walipounda amplifaya ya JTM45 mwaka 1962, kwa hiyo pedali ya "Kimarekani" na ya "Kiingereza" za kizazi hicho hupishana kidogo kuliko matangazo yanavyosema.

Ukiwa unajenga moja, au umenunua iliyotumika na sauti yake inakatikakatika, anza na volti za dreni. JFET hazifanani hata zikitoka pakiti moja. J201 moja, JFET inayotumika sana kwenye pedali hizi, hupitisha mkondo wa mA 0.2, nyingine mA 1, na zote ni nzima. Ndiyo sababu kila hatua ya kukuza sauti (transista moja na rezista zake) ina trimpoti, yaani rezista ndogo ya kuzungusha, kwa kawaida ya kiloohm 100, kwenye dreni. Washa pedali kwa adapta, chomeka waya kwenye tundu la kuingizia, kisha pima umeme unaoingia kwanza. Betri mpya hutoa zaidi ya volti 9, iliyochoka hutoa 8 na ushei. Waya mweusi wa multimita uweke kwenye graundi, mwekundu kwenye dreni, uzungushe trimpoti mpaka upate nusu ya ulichopima, yaani karibu volti 4.5. Fanya hivyo hatua kwa hatua, halafu sikiliza. Kuipandisha hatua moja hadi volti 5 au 5.5 hufanya wimbi likatwe upande mmoja kabla ya mwingine, na wengi huupenda mlio huo. Hapo amini masikio, multimita imeshamaliza kazi yake.

Dreni ikiganda karibu na volti 9 hata ukizungusha trimpoti yote, mkondo haupiti: lehemu imeachia, rezista ya sosi imekatika, au transista imekufa. Ikiganda karibu na sifuri, rezista ya dreni ni kubwa mno kwa transista hiyo au kuna shoti. Kagua pia mguu wa geti. Kwenye J201 ya miguu mirefu, uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, kushoto ni dreni, katikati sosi, kulia geti. Dreni na sosi zikibadilishana nafasi pedali huweza kufanya kazi bila wewe kugundua. Geti ikikosewa haifanyi.

J201 za namna hiyo viwanda vikubwa vimeacha kuzitengeneza, na zinazouzwa kwa bei ya kutupa mtandaoni mara nyingi ni bandia. Nunua MMBFJ201, ile ndogo ya kulehemu juu ya ubao, pamoja na kibao chake cha kubadilishia miguu. JFET nyingine, 2N5457, inaweza kuingia, lakini mkondo wake ni mkubwa na gaini yake ndogo, na trimpoti ya kiloohm 100 huwa nyeti kupita kiasi. Weka ya kiloohm 20.

Sauti ikiwa nzito na yenye tope, hasa kwa pikapu za hambaka (zenye koili mbili), kitufe cha besi hakitakusaidia sana, kwa sababu kwenye saketi hii toni huja baada ya mkwaruzo. Besi ipunguze kabla: kapasita iliyo sambamba na rezista ya sosi ya hatua ya kwanza, ikiwa ni mikrofaradi 22, ibadilishe iwe 0.68 au 1.

Kuhusu kuiendesha pedali kwa volti 18 badala ya 9, fungua kwanza usome kapasita. Zikiwa za volti 16, achana na wazo hilo. Zikiruhusu, trimpoti zote zirekebishwe upya hadi volti 9.

Palipobaki ni spika, na hapa ndipo wapiga gitaa wa kanisani na wa bendi ndogo wanaoingia moja kwa moja kwenye miksa huumia. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanguka ghafla kupita takriban kHz 5. Spika za ukumbi zenye honi hupeleka kila kitu juu ya hapo, na mkwaruzo unasikika kama nyuki ndani ya kopo. Kushusha trebo ya miksa husaidia kidogo tu, maana kitufe hicho mara nyingi hulenga kHz 12, wakati kero iko kati ya 5 na 10. Weka kiigizo cha kabati la spika baada ya pedali, au tumia kichujio cha kukata sauti za juu kuanzia kHz 5 kama miksa ya kidijitali inacho, na gaini ya pedali ianze robo ya mzunguko.