Barua kwa mwanangu aliyeko Houston: bastola ya mkono mdogo

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Baba yako hajambo, goti tu linamsumbua mvua zikianza. Huku Ukonga tope limejaa hadi mlangoni.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, na leo alfajiri nikausikiliza tena. Umesema jirani yako wa mlango wa pili kavunjiwa, zamu za usiku zinakutoa hospitalini saa mbaya, ukaamua kwenda duka la silaha. Muuzaji akakutazama ulivyo mdogo, akakuwekea mkononi rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ndogo nyepesi ya risasi tano, akasema hiyo ndiyo wanayochukua wanawake wa umbo lako. Unaniuliza: "Mama, niichukue? Wewe umeshika silaha miaka yote ya utumishi, na mikono yetu ni ileile."

Usiichukue.

Ningependa usihitaji silaha kabisa, mwanangu. Lakini wewe ni mtu mzima, una mtoto wa kulinda, na umeniuliza kama ninavyopenda kuulizwa, kabla ya kutoa pesa. Basi nitakujibu kama nilivyokuwa nikiwajibu mabinti waliotoka depo ya polisi Moshi, ambao wengi walikuwa na vimo vyetu.

Kwanza sheria, kwa kifupi. Umeshapata ukaazi wa kudumu, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu sheria ya shirikisho ya Marekani inamzuia aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki silaha, isipokuwa kwa sababu chache sana. Dukani watakupa fomu ya mnunuzi wa silaha, namba 4473, kisha watakuchunguza. Andika ukweli mtupu. Uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai, na wewe bado si raia. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola bila kibali. Hata hivyo kibali bado kinatolewa, na mimi nataka ukichukue. Kina darasa la sheria na mtihani wa shabaha, na yako majimbo mengine yanayokitambua.

Hapa kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina habari na kibali cha Texas. Ukija likizo, usithubutu kuiweka hata kwenye wazo la mzigo.

Jambo la hospitali naomba ulifikirie taratibu. Majengo ya hospitali yamo kwenye orodha ya mahali ambapo sheria ya Texas haitaki silaha iingie. Kwa hiyo ukiwa kazini, bastola itabaki ndani ya gari. Sasa wewe unachoogopa zaidi ni ile njia ya kutoka wodini hadi kwenye maegesho, na njia hiyo utaitembea mikono mitupu kila siku. Silaha haitakusaidia hapo. Omba walinzi wakusindikize, toka pamoja na wenzako wa zamu, egesha penye taa. Na kama itabaki garini, iwe ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye fremu ya kiti, maana wezi wa magari wanajua wafanyakazi huacha nini chini ya viti. Bastola unayoitafuta, kwa kweli, ni ya nyumbani na ya safari zako nyingine. Ukilijua hilo mapema, hata uchaguzi wenyewe unabadilika, kwa sababu hulazimiki kutafuta kitu kidogo kupita vyote.

Sasa turudi kwenye ile rivolva.

Muuzaji kafanya hesabu nyepesi: mwanamke mdogo, bastola ndogo. Nimelisikia neno hilo kwa wakufunzi wanaume pia, watu wazuri tu, na si kweli. Risasi ikitoka mbele, bastola inarudi nyuma, na jinsi bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyorudi kwa nguvu. Ni kama kinu chepesi, kinavyorukaruka ukitwanga. Rivolva hizo za aloi zina uzito wa gramu 400 hivi, na ukiijaza risasi za rivolva ziitwazo .38 Special teke lake linauma hata kiganja cha mwanaume. Mtu akiumia mara ya kwanza, mara ya pili anafumba macho kabla ya kufyatua, mara ya tatu anatafuta sababu ya kutorudi uwanjani. Baada ya hapo bastola inalala kabatini na mwenyewe hajui kuitumia.

Kifyatulio chake nacho ni kigumu. Kukivuta kunataka nguvu ya kilo 5 na zaidi. Hebu fikiri: kidole kimoja kinavuta nguvu iliyozidi mara kumi uzito wa chombo chenyewe. Mtutu unayumba kabla risasi haijatoka. Bastola nyingi za siku hizi za magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, zinataka kilo 2 na nusu hadi 3 tu. Rivolva ina sifa zake, sikatai. Haihitaji kukokiwa, yaani kuvutwa sehemu ya juu ili risasi iingie, na ukiipiga hata kutoka ndani ya mfuko wa koti haikwami. Lakini ni silaha ya mtu aliyekwisha kuwa hodari, si ya anayeanza.

Sasa mkono wako. Jambo hili hutalisoma kwenye karatasi ya bei, kwa hiyo fanya hivi palepale dukani. Mwombe muuzaji akuoneshe kwamba bastola haina kitu, nawe hakikisha kwa macho na kwa kidole, chemba inapokaa risasi na tundu la magazini. Kisha ishike juu kabisa ya mpini, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada igote chini ya slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele. Nyosha mkono. Angalia kama mtutu umenyooka na mfupa wa mkono wako kutoka kwenye kiwiko. Sasa weka kidole kwenye kifyatulio: ile nyama ya ncha ya kidole, katikati, ndiyo inapaswa kukaa pale. Ikiwa imekubidi uzungushe kiganja ili kidole kifike, mpini ni mnene kwako na teke litaangukia kwenye kifundo cha kidole gumba. Kidole kikipitiliza hadi kwenye kiungo, ni mwembamba mno. Angalia pia kidole cha mwisho. Kikiwa kinaning'inia hewani kwa sababu mpini umekwisha, umepoteza sehemu nzuri ya nguvu za kuizuia isiruke. Ndiyo maana nakwambia bastola fupi kupita kiasi inamtesa mwenye mkono mdogo kuliko mwingine yeyote: nguvu ya mkono ni chache, na mahali pa kushika pamepunguzwa.

Kukoki sasa. Hapa mabinti wengi hukata tamaa, wanasema "afande, sina nguvu". Mara nyingi nguvu wanazo, wanakosea namna. Wananyoosha bastola mbali na mwili, wanabana mwisho wa slaidi kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, wanavuta. Hivyo hata mimi siwezi. Ilete karibu na kifua, mtutu ukitazama mbele upande salama, kidole nje ya kifyatulio. Mkono wa kushoto ufunike slaidi kwa juu, vidole vinne upande mmoja na kiganja upande wa pili. Kisha usivute: usukume mpini mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umeganda. Bega na kifua vinafanya kazi badala ya vidole. Slaidi ikifika mwisho, iachie kabisa, usiisindikize kwa mkono, maana ukiisindikiza risasi inaingia nusu. Jaribu mara kadhaa dukani bila aibu. Ukiona bado inakushinda, hiyo si yako, hata iwe na sifa gani.

Usidanganyike pia kwamba risasi ndogo daima ina slaidi laini. Bastola ya Walther PPK, ile inayopendwa kwa sura yake, ni ya risasi ndogo ya .380, lakini mtutu wake umekazwa kwenye fremu na slaidi inazuiwa na springi na uzito wake tu. Springi hiyo ni ngumu na teke lake ni kali, kuliko hata baadhi ya bastola za milimita 9 zenye mtutu unaojifunga na slaidi, kisha kujifungua risasi ikishatoka.

Kwa hiyo ukienda, omba hizi. Ya kwanza ni Smith & Wesson M&P Shield EZ. Ile ya .380 ilitoka mwaka 2018, ya milimita 9 ikafuata 2020, na zote zilitengenezwa kwa kusudi la kurahisisha kukoki na kujaza magazini. Inachukua risasi 8. Ya .380 ina gramu 520 hivi. Ya pili ni SIG Sauer P365, nayo ya mwaka 2018: risasi 10, gramu 500 hivi, mpini mwembamba, na tangu 2022 ipo ya .380 ambayo slaidi yake ni laini zaidi. Ya tatu Glock 43X ya mwaka 2019, mpini mrefu wa kutosha kidole cha mwisho. Sikuchagulii moja, kwa sababu mimi niko Dar na mkono uko kwako. Ila moyo wangu uko kwenye EZ kwa mtu anayeanza, na kwa .380 kama ya milimita 9 inakuchosha. Yako mabishano mengi kuhusu nguvu ya risasi ipi. Mimi nimekaa uwanjani vya kutosha kujua kwamba risasi ya .380 inayofika ulikolenga ni bora kuliko ya milimita 9 iliyopita pembeni na kuingia ukuta wa jirani. Na ujue risasi zote mbili zina kipenyo cha milimita 9. Zinatofautiana urefu wa ganda, milimita 17 kwa 19. Zisichanganyike ndani ya nyumba.

Kabla ya kununua, ikodi. Viwanja vingi vya shabaha huko Texas hukodisha bastola kwa saa. Piga risasi za kutosha mpaka mkono uchoke, ndipo utajua kweli bastola hiyo ina tabia gani. Vaa kinga ya masikio mara mbili, ya kuchomeka na ya kufunika. Kiunoni mwako pafupi, ukivaa bastola juu sana itakuchoma mbavu kila ukikaa, kwa hiyo na ala yenyewe, yaani mfuko wa kubebea bastola, ijaribu ukiwa umeketi, ukiwa umeinama, ukiwa unaingia garini. Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote. Suruali za kazini za kamba haziwezi kubeba uzito huo. Zipo bendi za tumboni, lakini chukua yenye ganda gumu mahali pa kifyatulio, si kitambaa kitupu.

Kwenye pochi, hapana. Nimesikia ukisema rafiki yako hubeba kwenye pochi. Mwizi anapokwapua anakwapua pochi, na hapo umempa silaha. Liko na kubwa zaidi. Tarehe 30 Desemba 2014, mjini Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja mwenye kibali halali alikuwa dukani na mwanawe wa miaka 2. Bastola ilikuwa ndani ya pochi iliyotengenezwa maalumu kwa kubebea silaha. Mtoto akaingiza mkono, ikafyatuka, mama akafa palepale. Mjukuu wangu ana miaka 3, na kila pochi yako ameshaifungua kutafuta pipi. Nilimwona mwenyewe mlipokuja.

Kwa hiyo sanduku la chuma lenye vitufe linunuliwe siku moja na bastola, lifungwe kwa skrubu kwenye sakafu ya kabati au kwenye kitanda chako. Bastola ina mahali pawili tu: mwilini mwako ndani ya ala, au sandukuni. Juu ya friji siyo mahali. Chini ya mto siyo mahali, hata kwa dakika unazokwenda kuoga.

Na mlango wako ukoje? Hukuniambia. Kabla hujatoa dola mia kadhaa za bastola, badilisha skrubu za kipande cha chuma kinachopokea ulimi wa kitasa, weka ndefu zinazofika kwenye ubao wa ndani wa ukuta. Mlango unaochelewesha mtu unakupa muda wa kumchukua mtoto, kufungua sanduku na kupiga 911, namba ya dharura ya huko.

Jumamosi ukienda kuzikodi, usipige risasi kwanza. Mwombe mtu akurekodi ukiwa umeishika tupu, upande wa kulia, wa kushoto na kutoka juu, nione kidole kinakaa wapi na mtutu unaelekea wapi. Kwenu saa 4 asubuhi huku ni saa 12 jioni, nitakuwa nimeshamaliza kuswali alasiri na simu itakuwa mkononi. Nitumie picha ya kila moja kabla hujalipa.

Mama yako