Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili Stockholm, Niende Wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Morogoro, mwezi wa sita nina semina Uppsala, Sweden, na ikiisha nabakiwa na siku mbili kabla ya ndege. Wenzangu wananitisha eti Stockholm kahawa tu inakumaliza. Niende, au nilale zangu hotelini nisubiri safari? Na nikienda nione nini?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu shikamoo. Kulala hotelini hapana aisee, usifanye hivo. Treni toka Uppsala mpaka Stockholm ni kama dakika 40 tu, na uwanja wa ndege wa Arlanda uko katikati ya hiyo miji miwili, yani hata siku ya kuondoka huna presha.

Bei zimechangamka kweli, hilo sikufichi. Ila ule mji umekaa juu ya visiwa 14, ziwa Mälaren linakutana na bahari ya Baltiki pale pale katikati, kwahiyo kutembea kwa mguu na kukatiza madaraja ndo utalii wenyewe na hakuna anayekudai kiingilio. Mimi ningekwambia lipa kiingilio sehemu moja tu, kwingine kote tumia miguu na tiketi ya usafiri wa mji.

Hiyo sehemu moja ni makumbusho ya Vasa, kwenye kisiwa cha Djurgården. Humo ndani kuna meli ya kivita ya mbao, nzima, mita 69, aliyoiagiza mfalme Gustav II Adolf. Tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga kwa mara ya kwanza, watu wamejaa ufukweni wanaangalia, haijamaliza hata kilomita moja na nusu upepo ukaipiga ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya chini na ikazama hapo hapo bandarini kila mtu anaona. Ilibeba mizinga 64, juu nzito chini nyepesi. Na kinachouma ni kwamba watu walishajua! Kabla ya safari waliwakimbiza mabaharia 30 toka upande mmoja wa sitaha kwenda wa pili kuijaribu, meli ikayumba mpaka admirali akasema basi acheni, afu safari ikaendelea vile vile manake mfalme alikuwa vitani nje ya nchi na anaitaka meli yake haraka. Sasa nani amwambie?

Ikakaa chini ya maji miaka 333, ikatolewa 1961. Zaidi ya asilimia 95 ya unachokiona ni mbao zake zile zile, na mtu wa pwani lazima atajiuliza zimebakije: maji ya Baltiki pale hayana chumvi ya kumtosha yule mdudu anayetoboa majahazi, kwahiyo hakupata nafasi. Ukiingia mwanga ni hafifu, anzia chini kabisa usimame chini ya tumbo la meli uangalie juu, halafu panda ghorofa moja moja mpaka uwe usawa wa sitaha, na usiondoke bila kuzunguka nyuma kule kwenye tezi kuna masanamu ya kuchonga, masimba na mashujaa, yamejazana mpaka unajiuliza walikuwa wanajenga meli au ikulu. Jipe saa mbili.

Kwenda huko usipande basi. Nenda Slussen upande kivuko cha Djurgården, kinakubali tiketi ile ile ya SL, kampuni ya usafiri wa mji, ya basi na treni ya chini, tiketi moja inadumu dakika 75, na watalii wengine pembeni wanalipa hela ndefu kwenye boti za matembezi kuangalia maji yale yale.

Siku ya pili Gamla Stan, mji mkongwe wao. Vichochoro vyake usihangaike na ramani, potea tu, kisiwa chenyewe kidogo. Kuna kimoja kinaitwa Mårten Trotzigs gränd, palipo pembamba kabisa ni sentimeta 90, mtu wa Zanzibar atacheka aseme hiki nacho ni cha kupigia picha? Pale uwanja wa Stortorget kuna jengo la zamani la soko la hisa, chini ni makumbusho ya Nobel na juu ni Akademia ya Sweden, ndo hapo mwezi wa kumi 2021 walipotangaza jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Nobel ya fasihi. Kwenye mgahawa wa hayo makumbusho geuza kiti utazame chini yake, washindi huwa wanasaini hapo, na watu wazima na heshima zao wanainama kugeuza viti bila aibu yoyote.

Chakula: kula mchana, siyo usiku. Siku za kazi kuanzia kama saa 5 mpaka saa 8 migahawa mingi ina mlo wa mchana wa bei nafuu wanauita dagens, mara nyingi na saladi, mkate na kahawa humo humo. Usiku sahani hiyo hiyo bei inaruka. Na maji usinunue, ya bomba ni safi kabisa, beba chupa.

Jioni panda Monteliusvägen, njia ya miguu juu ya mwamba kule Södermalm, uone mji wote na maji yake. Nasema jioni lakini mwezi wa sita jua linazama karibu saa 4 usiku, kwahiyo usije ukasubiri giza.

Angalizo: cheki kalenda ya Midsommar, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, mkesha wake ni Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Siku hiyo wenyeji wanahamia mashambani na visiwani na maduka mengi yanafungwa. Na noti ziache, sehemu nyingi ni kadi tu, kwenye basi ndo kabisa hawapokei keshi.

SWALI: Binti yangu ameolewa Stockholm, ananiita Desemba. Mimi na baridi wapi na wapi? Nitafanya nini huko gizani?
Mama wa Mombasa

JIBU: Mama, giza lipo, jua linachomoza karibu saa 3 asubuhi na kabla ya saa 9 mchana limeshazama. Lakini Desemba ndo mwezi wanaopamba, kila dirisha lina taa. Tarehe 13 ni sikukuu ya Lucia, mabinti wanavaa kanzu nyeupe na mmoja ana taji la mishumaa, wanaimba, mwambie binti akupeleke kanisani ukasikilize. Wikiendi kabla ya Krismasi nenda soko la Skansen, hayo ni makumbusho ya wazi yaliyoanza 1891, nyumba za zamani zimehamishwa toka nchi nzima zikapangwa kilimani. Ukichoka na baridi shuka stesheni za treni ya chini, T-Centralen na Solna centrum, zimechimbwa kwenye mwamba na kuchorwa kuta mpaka dari, tiketi moja unazunguka kutwa... yani dakika zako 75.

Vaa sufu ndani, koti nje, na buti zenye soli isiyoteleza, barafu ni mbaya kuliko baridi yenyewe. Mkate wao mtamu wa iliki utaupenda, huo hauhitaji maelezo.

SWALI: Vipi halali na kuswali?
Msomaji, Muscat

JIBU: Msikiti mkubwa uko Medborgarplatsen, Södermalm, jengo lilikuwa kituo cha umeme likawa msikiti mwaka 2000. Kiangazi chukua ratiba yao ya swala, Isha na Alfajiri zinakaribiana mno. Na vile vinyama vya mviringo maarufu vya Sweden uliza kwanza, mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe. Samaki wapo kila mahali, agiza samaki.