Kifaa kimeshachomolewa, programu bado imekishika

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa mifumo hapa Morogoro. Nimeandika draiva ya Linux ya kipimo cha unyevu wa nafaka kinachochomekwa kwa USB. Kisipoguswa kinafanya kazi wiki nzima bila shida. Lakini mtu akikichomoa wakati programu bado inasoma, baada ya muda mashine inaanguka, na kila mara inaangukia mahali pengine: leo kwenye mfumo wa mafaili, kesho kwenye mtandao. Nimebadilisha RAM, hali ni ile ile. Rafiki yangu akanishauri niwashe kerneli (kiini cha Linux) kwa slub_debug=FZPU, chaguo la kukagua memori, na sasa inaanguka palepale ikitaja anwani 0x6b6b6b6b6b6b6b83. Memori yote naichukua kwa devm_kzalloc, ambayo niliambiwa inamaliza kabisa habari ya kusahau kuachia. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. RAM yako ni nzima, irudishe ile ya zamani. Na huyo rafiki mshukuru, kwa sababu anwani aliyokupatia ni nusu ya jibu.

Ile herufi P katika FZPU inaiamuru kerneli ijaze baiti 0x6b katika kila kipande cha memori kinachoachiwa, na baiti ya mwisho iwe 0xa5. Katika ASCII, 0x6b ni herufi k, ndiyo maana ukiichapisha memori iliyoachiwa kwenye logi unaona kkkkkkkk. Sasa itazame anwani yako vizuri. Inaishia na 83, haiishii na 6b. Toa 6b kwenye 83, unabaki na 18 ya heksadesimali, yaani 24. Kilichotokea ni hiki: draiva yako iliingia kwenye strakti (fungu la data) iliyokwisha kuachiwa, ikasoma humo pointa (anwani ya kitu kingine), ikapata 6b tupu, halafu ikaifuata pointa hiyo ikitafuta kitu kilichoko baiti ya 24 kutoka mwanzo. Endesha zana iitwayo pahole juu ya moduli yako, itakupa nafasi ya kila uga wa kila strakti. Tafuta pointa ambayo msimbo wako unaifuata kwenda kwenye uga ulioko 24. Huenda zikawa mbili tatu tu.

Bila hiyo P, kipande kilekile kingekuwa kimeshagawiwa mfumo wa mafaili au mtandao, na draiva yako ingekuwa inaandika ndani ya mali ya mwenzake. Anayeanguka hapo ndiye aliyeibiwa, na ripoti ya kuanguka inamtaja yeye. Usiupoteze muda wako kumhoji.

Tuje kwenye devm_kzalloc. Ulichoambiwa ni kweli kwa sehemu. Memori hiyo imefungwa kwenye muungano wa draiva na kifaa: disconnect yako, ile inayoitwa kifaa kikiondoka, ikimaliza tu, kerneli inaachia kila kilichochukuliwa kwa devm. Kwa vitu vinavyotumiwa na kifaa peke yake, hiyo ni huduma nzuri. Lakini strakti yako inatumiwa pia na faili lililofunguliwa, na faili halina habari na kebo. Mtu amefungua /dev/ ya kipimo, read yake imelala ndani ya wait_event_interruptible ikingoja data. Kebo inachomolewa. Disconnect inaita misc_deregister, jina linatoweka kwenye /dev, na wengi wanadhani mambo yameisha hapo. Hayajaisha. Jina limeondoka, ila faili lililokuwa wazi liko wazi bado, na private_data yake inaelekea kwenye strakti ileile. Devm inaiachia. Baadaye programu inafungwa, release yako inaitwa, inagusa kufuli lililomo ndani ya strakti ambayo haipo tena.

Jambo hili si lako peke yako, na si la wanaoanza. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Linux Plumbers uliofanyika Dublin, Laurent Pinchart, ambaye amefanya kazi miaka mingi kwenye draiva za kamera, alitoa mada nzima kuhusu madhara ya devm_kzalloc kwa sababu hiihii. Naomba ulishike hili kuliko yote: kuondoka kwa kifaa ni tukio moja, na kufa kwa memori ni tukio jingine. La kwanza linaamuliwa na mkono wa anayechomoa. La pili liamuliwe na mtumiaji wa mwisho.

Kwa hiyo strakti yako ichukue kwa kzalloc ya kawaida, uweke ndani yake kref, yaani kihesabu cha watumiaji: kref_get huongeza, kref_put hupunguza, na ikifika sifuri memori inaachiwa. Katika probe, inayoitwa kifaa kikiunganishwa, kref_init. Katika open, kref_get. Katika release, kref_put. Katika disconnect, kref_put pia, lakini kabla yake fanya haya kwa mpangilio huu: ita misc_deregister, shika kufuli, weka alama kwamba kifaa kimeondoka, achia kufuli, zuia maombi ya USB kwa usb_poison_urb, ambayo inaua lililo njiani na kukataa jipya, kisha waamshe wote waliolala. Read ikiamka ishike kufuli, ione alama, irudishe -ENODEV. Hata ile hali ya wait_event iitazame alama hiyo, la sivyo msomaji ataamshwa, ataona hakuna data, atarudi kulala moja kwa moja. Mwanya wa mtu kufungua faili wakati ule ule wa kuchomoa usikutie hofu: misc_open na misc_deregister zinashika kufuli moja, kwa hiyo anayefungua anapata kref yake kabla hujaondoa jina, au hapati faili kabisa. Mfano wa mtindo huu umo ndani ya kerneli yenyewe, drivers/usb/usb-skeleton.c. Usome wote, ni mfupi.

Ukishamaliza usiamini macho yako. Kompaili kerneli yenye CONFIG_KASAN, kikaguzi cha memori cha kerneli, na taarifa za debug. KASAN iliingia kwenye kerneli mwaka 2015, na hali yake ya kawaida hutenga baiti moja ya kumbukumbu kwa kila baiti nane, ili ijue kipi kinaruhusiwa kuguswa. Vilevile haikigawi upesi kipande kilichoachiwa, hukiweka karantini kwanza, ndiyo maana inamkamata mgusaji aliyechelewa. Ripoti yake ina njia tatu za miito: nani amegusa, nani alichukua, nani aliachia. Ipitishe kwenye scripts/decode_stacktrace.sh upate majina ya mafaili na namba za mistari, kisha uanze kusoma kwa aliyeachia. Kwa draiva yako ya sasa, utakuta hapo kfree iliyoitwa na devres_release_all, na ukizidi kushuka utaona usb_disconnect na hub_event. Yaani mwachiaji ni uzi wa kitovu cha USB, na mgusaji ni programu ya mtumiaji. Nyuzi mbili tofauti kwa strakti moja, ndiyo kesi yako yote.

Watu wengi husoma njia ya kwanza tu wakakimbilia kuweka if ya kukagua NULL. Nakusihi usifanye hivyo. Pointa haigeuki NULL kwa sababu memori imeachiwa, na hiyo if yenyewe inasoma ndani ya kitu kilichokufa. Inapunguza mara za kuanguka, nawe unaamini umepona, kumbe draiva inaharibu data za watu kimyakimya. Hilo ni baya kuliko kuanguka.

Huhitaji hata kuchomoa kebo kwa mkono. Andika jina la kiolesura kwenye faili la unbind lililo chini ya /sys/bus/usb/drivers/ la draiva yako, halafu bind, huku programu nyingine inafungua, inasoma na kufunga bila kupumzika. Acha mzunguko huo ukeshe usiku kucha.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Draiva yangu ina taima inayoweka kazi kwenye foleni, na kazi hiyo ikimaliza inawasha taima tena. Katika remove, inayoitwa draiva ikiachana na kifaa, naita cancel_work_sync, halafu nasimamisha taima, na bado KASAN inapiga kelele mara moja moja. Kikatizi (interrupt, ishara ya kifaa kwa kerneli) nakichukua kwa devm_request_irq.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Hawa wawili wanafufuana. Ukifuta kazi kwanza, taima inaiweka upya. Ukianza na taima kwa njia ya zamani, kazi inaiwasha upya. Kuanzia kerneli 6.2 ya mwaka 2023 ipo timer_shutdown_sync, ambayo huifunga taima isiwashike tena hata ikiombwa. Ianze hiyo, kisha cancel_work_sync. Kazi ikijaribu kuiwasha taima, hakuna kitakachotokea.

Ila naona una kosa la pili, na ndilo hatari zaidi. Vitu vya devm huachiwa baada ya remove kumalizika, kwa mpangilio wa kinyumenyume. Maana yake kikatizi chako bado ki hai wakati wote wa remove, na kinaweza kuweka kazi kwenye foleni baada ya wewe kuifuta. Ama kizime kwanza ndani ya kifaa na uite devm_free_irq mwanzoni mwa remove, ama usafishaji wote uupitishe kwa devm_add_action_or_reset ulioandikishwa kabla ya kikatizi, ili kikatizi kife kwanza. Usichanganye nusu huku nusu kule. Kama kikatizi chako ni cha kushirikiana, washa CONFIG_DEBUG_SHIRQ: kerneli itamwita mshughulikiaji wako mara moja zaidi pale unapokiachia, kwa makusudi, uone kama anavumilia.

SWALI: Mama, mashine zetu ziko vituoni, hazina nguvu ya kubeba KASAN. Tunakamataje hitilafu hizi huko?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Tumia KFENCE, iliyoingia kwenye kerneli 5.12 mwaka 2021. Haikagui kila kipande. Huchagua mgao mmoja kila baada ya milisekunde 100, ikauweka kwenye ukurasa wake wenye kurasa za ulinzi pande zote mbili, na ukiachiwa, ukurasa unafungwa. Kwa kawaida inatumia MiB 2 tu kwa vitu 255. Kwa mashine moja ni bahati nasibu, ila mkiiwasha kwenye vituo vyote, na logi za vituo vyote zikakusanywa mahali pamoja, itawaletea ripoti yenye njia zilezile tatu. Hakikisheni mmehifadhi faili la vmlinux, lenye majina na taarifa za debug, la kerneli ileile iliyoko vituoni, kwa sababu bila hilo hamtaweza kuzisoma anwani zake.