Stronghold: ghala kwanza, ukuta baadaye

Kasri la Lord Egerton pale Njoro lilianza kujengwa 1938 na likakamilika 1954. Lina sura ya ngome, lakini halikukusudiwa kuzuia jeshi; lilijengwa likaliwe na litazamwe. Wengi wanaoanza kucheza Stronghold, gemu ya kompyuta ya kujenga kasri na kulilinda, hujenga hivyo hivyo. Mawe yote yanaishia kwenye ukuta na minara, na adui akifika anakuta ghala tupu, watu wamehama, na wapiga mishale watano wametawanyika juu ya ukuta mrefu. Ukitaka kasri lisimame, panga hivi: mbao, chakula, dhahabu, silaha, ndipo ukuta. Hesabu ninazotoa hapa ni za gemu ya kwanza (2001) na Stronghold: Crusader (2002), kwa sababu hizo mbili ndizo msingi wa mfululizo wote, na ndizo ninazozipenda kuliko zote zilizofuata.

Mbao ndiyo sarafu ya mwanzo. Kibanda cha mkata miti kinagharimu mbao 3 tu, kwa hiyo jenga vitatu au vinne kabla ya kitu kingine chochote isipokuwa ghala la chakula. Viweke ukingoni mwa msitu, upande unaotazama bohari, yaani uwanja wa kurundika mbao, mawe na mali ghafi nyingine. Hapa ndipo kuna siri kubwa ya gemu hizi: kila mfanyakazi hutembea kwa miguu, na muda wake mwingi unaliwa na njia. Fundi wa pinde hutoka karakana, huenda bohari kuchukua mbao, hurudi kuchonga, kisha hubeba upinde hadi ghala la silaha. Ukimweka ukutani mbali na bohari, utapata upinde mmoja pale ambapo mwenzako anapata mitatu. Kwa hiyo ardhi inayogusa bohari ni ya thamani. Waachie mafundi wa silaha, tanuri za mikate na watengeneza pombe. Nyumba za watu, ambazo kila moja inagharimu mbao 6 na kuongeza nafasi ya watu 8, zisukume pembeni, maana mwenye nyumba hahitaji kuwa karibu na kitu chochote.

Bohari likijaa, wafanyakazi husimama na mzigo mabegani wakingoja nafasi, na uzalishaji unakwama bila wewe kujua. Kipande kipya cha bohari lazima kiguse cha zamani, na sheria hiyo hiyo ni ya ghala la chakula na ghala la silaha. Acha uwazi kando ya kila moja tangu mwanzo.

Mawe nayo hayaendi yenyewe. Machimbo yana wafanyakazi 3, lakini jiwe linabaki pale pale hadi maksai alifuate, na kila safari anabeba mawe 8. Ukiona rundo linakua kwenye machimbo na bohari halipati kitu, usijenge machimbo ya pili, ongeza maksai. Machimbo yaliyo mbali yanahitaji maksai watatu au zaidi.

Sasa chakula. Matunda ya tofaa ni rahisi kuanza nayo, jibini inachelewa kidogo, nyama ya wawindaji inategemea wanyama walioko. Ngano ndiyo inayolisha jeshi kubwa, kwa sababu gunia moja la unga linatoa mikate 8. Kosa la kawaida ni kumjengea kila mwoka mikate kinu chake. Fikiria soko lolote la mashambani, kuanzia Ahero hadi Molo: mashine moja ya kusaga inahudumia watu wa pande zote, hakuna anayefunga mashine kila boma. Kinu cha Stronghold ni vivyo hivyo. Kinagharimu mbao 20 na kuchukua watu 3, na kinaweza kusagia mashamba kadhaa na kulisha tanuri kadhaa. Kiweke karibu na bohari, si karibu na shamba. Katika Crusader mambo ni magumu zaidi, maana shamba linakubali tu pale penye majani ya chemchemi ya jangwani. Majani hayo yasijengewe nyumba wala kambi hata kidogo.

Kupendwa kwa bwana wa kasri ni hesabu, na anayeijua hesabu hii hahangaiki. Chini ya alama 50 watu huanza kuhama. Mgao wa kawaida wa chakula ni 0. Nusu ya mgao ni -4. Kuwanyima kabisa ni -8. Mgao na nusu ni +4. Mara mbili ni +8. Kila aina ya chakula baada ya ile ya kwanza inaongeza +1, kwa hiyo aina zote nne ni +3. Kutotoza kodi ni +1, kodi ndogo -2, ya wastani -4, na kuendelea hivyo kushuka. Pombe inatoa +2 kwa kila robo ya watu inaowafikia, hadi +8. Kanisa vivyo hivyo.

Chukua mfano. Mgao mara mbili (+8), aina mbili za chakula (+1), kodi ya wastani (-4): unabaki na +5, na dhahabu inaingia. Ghala likianza kupungua, usikate mgao kwanza. Shusha kodi, ongeza shamba, kisha rudisha kodi. Mkate unalipwa na dhahabu ya kodi, na pombe ndiyo inayokuruhusu kupandisha kodi, kwa hiyo mashamba ya hopsi (mmea wa kutengenezea pombe) yaje mara tu ngano inapotulia. Halafu kuna bustani na sanamu upande mmoja, mti wa kunyongea na vizimba upande wa pili. Vya kwanza vinakuongezea kupendwa lakini watu wanafanya kazi polepole. Vya pili vinawafanya waharakishe huku wakikuchukia. Kwa anayejifunza, ushauri wangu ni kuviacha vyote hadi uchumi usimame.

Askari anatoka kwa watu waliokaa bila kazi kando ya moto mbele ya jumba la bwana. Ukiwa na silaha 20 ghalani na kila mtu ana kazi, hutapata askari hata mmoja. Jenga nyumba ya ziada kabla ya kuajiri.

Ukuta, basi. Anza na lango, si ukuta, kwa sababu lango ndilo linaloamua adui atapitia wapi. Thimlich Ohinga kule Migori, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikanisha na ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, ina milango mifupi na myembamba inayomlazimu anayeingia kuinama. Hilo ndilo wazo unalolitafuta: mlango mmoja, mwembamba, chini ya macho ya wapiga mishale wengi. Lango dogo la mawe (mawe 10) linatosha kasri lenye watu wachache. Kubwa ni 20. Weka mnara wa mraba (mawe 35) au wa mviringo (40) pembeni mwa lango, kwa sababu minara hiyo miwili pekee ndiyo yenye nafasi ya mtambo wa kurusha mawe au mikuki mizito. Ukubwa wa ukuta uamuliwe na idadi ya askari ulio nao. Ukuta mfupi wenye wapiga mishale 20 unashinda ukuta mrefu wenye 40 waliosambaa.

Handaki la maji lichimbwe na askari mapema, wakati hawana kazi nyingine. Linazuia ngazi, mnara wa magurudumu na gogo la kuvunja lango hadi adui alijaze kwanza, na wachimbaji wa chini kwa chini hawapiti chini yake. Mababu wa Wabukusu walilijua somo la handaki. Ngome yao ya Chetambe, Webuye, iliyoshambuliwa na Waingereza 1895, ilizungukwa nalo.

Mtaro wa lami unawaka ukipigwa mshale wa moto, na mpiga mishale hapati moto bila jiko la makaa karibu yake. Wengi husahau jiko, adui anavuka lami akiwa mkavu. Wengine huchimba mtaro ukigusa nyumba, moto ukageukia kijiji. Acha nafasi, na weka kisima ndani.

Kuhusu mfululizo wenyewe. Firefly Studios ya Uingereza ilianza 1999. Stronghold ya 2001 ilikuwa kasri dhidi ya mabwana wanne: Panya, Nyoka, Nguruwe na Mbwa Mwitu. Crusader ilihamia jangwani na kuleta askari wa kukodi wa Kiarabu wasiohitaji silaha ghalani, dhahabu tu: mpiga mishale 75, mtumwa 5, mwuaji wa siri anayepanda ukuta 60. Hilo lilibadilisha kila kitu, maana aliyekuwa na dhahabu aliweza kujaza ukuta ndani ya dakika moja. Stronghold 2 (2005) ilihamia kwenye picha za 3D ikaongeza heshima, uhalifu, panya na uchafu wa kuzoa. Mengi ni mazuri, lakini bwana anatumia muda mwingi kusafisha kuliko kujenga. Legends (2006) ilileta majoka. Stronghold 3 (2011) iliondoa miraba ya ujenzi, ukuta ukachorwa popote, na ikatoka na hitilafu nyingi mno. Crusader 2 ilifuata 2014, Warlords ya Asia Mashariki 2021. Kisha studio ikarudi nyumbani: Stronghold ya kwanza ilitolewa upya 2023, Crusader 2025. Walirudi kwa sababu hesabu ya mkate, pombe na umbali wa kutembea haikuwahi kuzidiwa na kilichokuja baadaye.

Kwa kompyuta ya mtumba yenye nguvu ndogo, chukua toleo la HD (picha zenye ubora zaidi) la Crusader. Ni lile lile la zamani, ila ramani inaonekana kwa upana zaidi. Kwa kompyuta mpya chukua la 2025. Anza na mchezo wa adui mmoja, Panya, kwa dhahabu nyingi, na usiongeze wa pili hadi uweze kukaa saa nzima bila ghala kuisha. Rafiki wakiwa pamoja Kisumu au Nakuru, kompyuta zikiunganishwa, Crusader inapokea wachezaji hadi 8, lakini kubalianeni muda wa amani mwanzoni, la sivyo mwenye dhahabu atakodi wapiga mishale na kummaliza jirani kabla tofaa la kwanza halijachumwa. Na kwa kuwa stima hupotea bila hodi, hifadhi mchezo kila unapomaliza hatua moja, kwa majina mawili ya faili yanayopokezana, ili faili moja ikiharibika katikati ya kuandikwa nyingine ibaki.